Mtambo wa megawati 300 Mtwara: kwa nini gesi na mvuke kwa pamoja, na kusini tutanufaika vipi?

Msangamkuu ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wenye ujuzi wa mitambo na gridi wanisaidie, na tafadhali twende kwa namba.

Gesi ya Mnazi Bay inatoka Msimbati, inasafishwa Madimba, kisha sehemu kubwa inapanda bomba la inchi 36 kwenda Dar. Hapa Mtwara tumezoea kituo cha injini za gesi, kilichoanza na injini 9 za megawati 2 kila moja, jumla megawati 18. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichobeba Mtwara na Lindi, tukiwa nje ya gridi ya taifa. Mpango wa kujenga mtambo wa megawati 300 umezungumzwa muda mrefu, na kila unapotajwa husemwa kwamba utakuwa wa turbini za gesi zikisaidiana na turbini ya mvuke, kama ule wa Kinyerezi II.

Ninachotaka kuelewa ni hiki. Kama injini zimetufaa miaka yote hii, kwa nini tusiongeze injini tu? Megawati 300 zitaliwa na nani wakati mikoa yetu miwili inatumia makumi machache tu? Na siku gridi nzima ikizimika kuanzia Dar, je, sisi tulio karibu na visima tutabaki na umeme, au nasi tutakaa gizani na gesi yetu chini ya miguu?

---

Fundi wa Mvuke amejibu:

Mkuu, nachukua swali la kwanza, la gridi nawaachia wenyewe.

Turbini ya gesi hufyonza hewa, huibana, huchanganya na gesi na kuichoma, kisha ule moto unaotanuka husukuma mapanga yanayozungusha jenereta. Tatizo lake ni moshi. Unatoka ukiwa na nyuzijoto 550 hadi 600. Ukiuachia uende zake kwenye dohani, umetupa karibu theluthi mbili ya joto lote ulilolinunua. Mtambo wa gesi na mvuke (mafundi tunauita kombaindi, nami nitautaja hivyo) unaupitisha ule moshi kwenye boila lisilo na moto wake: maelfu ya mirija yenye mapezi, maji ndani, moshi nje. Moshi unaingia na nyuzi 580 hivi na kutoka na 100 au pungufu. Mvuke unaopatikana unazungusha turbini ya pili bila kuchoma hata tone la gesi ya ziada.

Kinyerezi II imejengwa hivyo: turbini sita za gesi na mbili za mvuke, megawati 240, ulikamilika 2018.

Sasa tupige hesabu ya megawati 300 zikikimbia mchana na usiku. Futi moja ya ujazo ya gesi ina joto la megajuli 1.055 hivi. Kombaindi ya ukubwa huu hubadilisha karibu asilimia 50 ya joto kuwa umeme, kwa hiyo inataka megawati 600 za joto. Kwa siku hizo ni megajuli milioni 51.8, sawa na futi za ujazo milioni 49. Turbini hizohizo zikikimbia peke yake bila mvuke, ufanisi ukiwa asilimia 34, zitakula milioni 72 kwa umeme uleule. Injini kubwa za pistoni, tukizipa asilimia 40, zitakula milioni 61. Weka namba hizo kando ya uwezo wa mtambo wa Madimba, ambao ni futi milioni 210 kwa siku, utaona kwa nini wanang'ang'ania mvuke. Tofauti ya milioni 23 kila siku kati ya kuutupa moshi na kuutumia ni gesi ya kuendesha kiwanda kikubwa.

Lakini, na hapa watu wengi hupitiliza, ufanisi huo ni wa mtambo uliojaa mzigo na unaoendeshwa kwa utulivu. Kombaindi ikishushwa hadi nusu ya mzigo hupoteza asilimia kadhaa za ufanisi. Injini 9 ni tofauti: mzigo ukishuka unazima tatu, zilizobaki zinaendelea kukimbia zikiwa zimejaa. Kwa mji mdogo usio na gridi, injini ni chaguo sahihi kabisa, na waliozifunga Mtwara hawakukosea.

Jambo la pili ni kuwasha. Turbini ya gesi peke yake inafika mzigo wote ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Upande wa mvuke hauharakishwi. Ukiwasha mtambo uliopoa kabisa hesabu saa 3 hadi 5 kabla megawati zote 300 hazijapatikana. Ukiwa umezimwa usiku mmoja tu, saa moja na nusu hivi hadi mbili na nusu. Sababu ni chuma kinene. Ngoma ya boila, ile inayotenganisha maji na mvuke, ina ukuta mnene sana, na upande wa ndani ukipata moto haraka kuliko wa nje, chuma kinajivuta na kuanza nyufa ndogondogo. Ndiyo maana kuna kikomo, mara nyingi nyuzi chache tu kwa dakika, na mwendeshaji mwenye haraka anayapunguza maisha ya boila bila kuona kitu siku hiyo.

Niwape mfano wa namna kosa dogo linavyouma. Kabla ya kuwasha moto, turbini inazungushwa na mota kwa dakika kadhaa ili hewa ipite kwenye boila na kufukuza gesi yoyote iliyobaki, isije ikalipuka. Kama boila bado ni la moto kutoka jana, hewa hiyo, ambayo ni baridi kuliko mirija, inaugeuza mvuke uliomo ndani kuwa maji. Maji yanashuka na kulala kwenye kichwa cha chini (bomba nene linalounganisha mirija) cha mirija ya kukausha mvuke. Vali za kutolea maji zisipofunguliwa, au zikiwa zimeziba kutu, mvuke unapoanza kutembea unayasukuma yale maji kwenye mirija michache. Mirija hiyo inapoa ghafla huku jirani zake zina nyuzi mia tano. Ile iliyopoa inajikunja, iliyo moto inavuta, na mahali pa kuachia ni kwenye weldi pale mrija unapoingia kichwani. Baada ya kuwasha mara mia chache, unasikia mlio wa mvuke ndani ya kasha na mtambo unasimama wiki nzima. Chanzo ni vali ya inchi mbili.

Na ngoma hiyohiyo: usiijaze maji hadi alama ya kawaida kabla ya kuwasha. Maji yakianza kuchemka yanafura kwa mapovu, kipimo kinapanda, ulinzi unazima mtambo kwa kudhani maji yamezidi. Anza na kiwango cha chini, acha yafure yenyewe.

---

Laini Ndefu amejibu:

Nashukuru Fundi. Mimi nije upande wa gridi.

Msangamkuu, swali lako la nani atazila megawati 300 ndilo swali lenyewe, na jibu lake ni kwamba mtambo huo si wa Mtwara, ni wa gridi. Turbini ya gesi ya megawati 100 haipendi kushuka chini ya nusu ya uwezo wake, kwa sababu moto unakosa utulivu na moshi unachafuka. Kisiwa, yaani eneo lililo nje ya gridi, chenye mzigo wa makumi machache ya megawati hakiwezi kuibeba hata moja kwa kazi ya kila siku. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtambo utajengwa lini, uliza laini ya msongo mkubwa itafika lini na ina uwezo gani. Mtambo bila laini ni chuma kinacholindwa.

Tazama kisiwa kilivyo dhaifu. Mzigo uwe megawati 16, injini moja ya megawati 2 idondoke. Umepoteza sehemu ya nane kwa mpigo. Injini ndogo zina uzito mdogo unaozunguka, kwa hiyo masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo hutakiwa kuwa hezi 50, yanaanguka kwa kasi ya hezi 2 au zaidi kwa sekunde. Ndani ya nusu sekunde yako hezi 49. Kabla gavana (vidhibiti kasi) za injini nyingine hazijafungua gesi vya kutosha, rilei za kupunguza mzigo, yaani vifaa vya ulinzi vinavyokata umeme vyenyewe, zimeshakata fida moja (njia ya kusambazia umeme mtaani). Ndivyo mtaa mmoja unavyozimika huku mwingine unawaka, na watu wanadhani kuna upendeleo. Rilei haijui mtaa.

Kwenye gridi yenye mzigo wa megawati 1,800 mambo yanakwenda polepole. Kombaindi ya 300 mara nyingi hupangwa turbini mbili za gesi na moja ya mvuke, takriban 100 kila moja. Turbini moja ya gesi ikidondoka, boila lake nalo linakosa moshi, hivyo ile ya mvuke inapoteza nusu. Jumla unapoteza 150, si 100. Wapangaji wanaosahau nusu hiyo ya mvuke wanakosea akiba. Hata hivyo kwa gridi hiyo masafa yataanguka karibu nusu hezi kwa sekunde, na kuna muda wa kujibu. Tena 150 si kishindo kikubwa zaidi kilichopo: kila mtambo wa Bwawa la Julius Nyerere una megawati 235, na iko 9, jumla 2,115.

Hapo ndipo nafasi ya kombaindi inapoonekana. Maji yanapanda na kushuka kwa sekunde, kwa hiyo kazi ya kufuata mzigo wa jioni iachiwe mabwawa. Kombaindi ikimbie sawasawa, ikiwa karibu imejaa, hasa kiangazi, ili maji yabaki bwawani. Masika yakijaza mabwawa, ipunguzwe au ipumzishwe kwa majuma, isiwashwe na kuzimwa kila siku. Kila kuwasha kuna bei yake kwenye chuma, kama Fundi alivyoeleza.

Kuna jambo halisemwi sana. Turbini ya gesi iliyounganishwa na gridi inazunguka kwa kasi inayofuata masafa. Masafa yakishuka, shafti inapungua kasi, kibana hewa kinavuta hewa kidogo, na nguvu ya mtambo inapungua pale pale gridi inapoomba iongezwe. Kama ilikuwa imejaa, haina pa kuongeza. Ukitaka ikusaidie wakati wa hitilafu, iendeshe kwa asilimia 85 au 90, na ukubali kwamba gesi kidogo inatumika kama bima. Turbini ya mvuke usiitegemee kwa sekunde za mwanzo. Yenyewe inasubiri boila lipate moto zaidi, dakika kadhaa baadaye.

Kuhusu laini. Njia ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru na Masasi hadi Mahumbika, mkoani Lindi, ni ndefu, zaidi ya kilometa 400, na mwishoni mwake mzigo ni mdogo. Laini ndefu isiyo na mzigo hupandisha volteji yenyewe. Kwa kilometa 400, ukiiacha wazi bila chochote, volteji ya mwisho inapanda kwa asilimia 9 hivi: kilovolti 220 zinakuwa 240. Transfoma zinaguna, friji za watu zinaungua. Dawa ni kufunga rieakta (koili kubwa za kushusha volteji) kwenye vituo vya kupozea umeme vya njiani, na jenereta kubwa ikiwepo Mtwara inaweza kunyonya zile megavari zinazozidi, yaani nguvu isiyofanya kazi inayopandisha volteji. Hiyo ni faida ambayo Kinyerezi haiwezi kutupatia, maana volteji haitibiwi kutoka mbali.

Nisipindishe maneno kwenye hili la mwisho. Bomba la kwenda Dar lina uwezo wa futi za ujazo milioni 784 kwa siku, na Madimba na Songo Songo zikisafisha kwa uwezo wote, 210 na 140, bado halijajaa nusu. Kupeleka gesi Dar na kufua umeme huko ni rahisi kuliko kujenga laini mpya ya kurudisha megawati 300 kaskazini. Hoja ya kujenga Mtwara inasimama kwa usalama wa kusini, volteji, na viwanda vitakavyofuata. Ukiwa na laini moja tu ya kutolea, upepo ukiangusha nguzo mbili porini, megawati 300 zote zimekwama. Ziwe njia mbili tofauti, moja kupitia Somanga na nyingine kupitia Masasi, au mtambo uanze mdogo.

---

Bi Kemia amejibu:

Hamjambo wote. Niongeze sahihisho moja na mambo ya maji, kwa sababu mtambo wa mvuke unaishi na kufa kwa maji yake.

Sahihisho: kaka Fundi, ufanisi unaotajwa na watengenezaji unapigiwa thamani ya chini ya joto, yaani bila kuhesabu joto la mvuke wa maji uliomo kwenye moshi. Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, na kwa methani thamani hiyo ni megajuli 0.96 kwa futi. Kwa hiyo milioni 49 zako ziwe 54, na zile 72 ziwe 79. Uwiano hauyumbi, lakini anayepanga mkataba wa gesi akitumia namba ya juu ataomba pungufu kwa sehemu ya kumi, na atajuta.

Sasa maji. Katika zile megawati 600 za joto, karibu 200 lazima zitupwe kwenye kondensa, pale mvuke uliokwisha kazi unaporudishwa kuwa maji. Njia ziko tatu. Ukitumia bahari moja kwa moja na kuruhusu maji yapate joto la nyuzi 8, unahitaji mita za ujazo 6 kila sekunde. Hicho ni kijito kikubwa kinachoingia na kutoka saa 24. Ukitumia mnara wa kupozea, unavukiza mita za ujazo 300 za maji baridi kwa saa, na ukiongeza yale ya kumwaga ili chumvi isilundikane, ni kama 400 kwa saa, karibu 9,600 kwa siku. Hayo ni maji ya kunywa ya mji, na kwa Mtwara ambako ndoo bado inahesabiwa, mimi nisingeiruhusu njia hiyo. Ya tatu ni kupoza kwa feni kubwa za hewa: haihitaji maji, ila kwa joto letu kondensa inakaa nyuzi 54 hivi badala ya 41 za bahari. Shinikizo ndani yake linakuwa mara mbili, kutoka kama baa 0.08 hadi 0.15, na turbini ya mvuke inapoteza asilimia kadhaa za nguvu. Feni nazo zinakula umeme.

Bahari inavutia, lakini kumbukeni kuna Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Maji yenye nyuzi 8 za ziada yakimwagwa kwenye ghuba tulivu yanaua matumbawe na majani ya bahari ambako samaki wanazalia. Mdomo wa kutolea unapaswa kwenda kwenye kina na mkondo, na wa kuvuta maji uwe na chujio la kasi ndogo ili usifyonze dagaa.

Upande wa ndani wa kondensa hatari ni mrija mmoja kutoboka. Ndani ya kondensa kuna ombwe, kwa hiyo tundu la ncha ya sindano linavuta maji ya bahari kuingia kwenye maji safi ya boila. Kifaa cha kuangalia ni kipimo cha upitishaji umeme baada ya chujio la kationi. Siku njema kinasoma chini ya mikrosimensi 0.2 kwa sentimita. Kikianza kupanda, 0.3, 0.5, 0.8, usikae kungoja kupigiwa simu ya maabara. Kloridi ikifika kwenye ngoma, pH inashuka, na mirija ya moto zaidi inaliwa kwa ndani hadi inakuwa rahisi kupasuka. Tenga upande wa kondensa ulioathirika, punguza mzigo, ongeza maji ya kumwaga kutoka kwenye ngoma, na fosfeti, ya kupandisha pH, iwe karibu. Ukipita kikomo cha mtengenezaji, zima. Saa tatu za umeme uliokosekana ni nafuu kuliko kubadilisha mirija ya boila zima.

Hata bila bahari kuingia kuna kutu ya mwendo, inayokula chuma cha kawaida kwenye kona za mirija ya shinikizo la chini, hasa maji yakiwa kati ya nyuzi 120 na 180. Inakuja pale pH ikiachwa chini. Amonia iiweke kati ya 9.2 na 9.8, na kona zipimwe unene kwa mawimbi ya sauti kila matengenezo makubwa. Maji ya kujaziliza ni kidogo, kama asilimia moja na nusu ya mvuke, tani 110 hivi kwa siku, lakini lazima yawe yameondolewa chumvi zote.

---

Msangamkuu:

Dada Kemia, na wakuu wote, nashukuru sana. Mmenifungua. Bado joto na chumvi ya pwani: mashine hizi zinapimwa kwa nyuzi 15, hapa Novemba tuko 31. Na lile swali la gridi kuzimika halijajibiwa.

---

Fundi wa Mvuke amejibu:

Joto: hesabu kama asilimia 0.7 ya nguvu ya turbini ya gesi kwa kila nyuzi moja juu ya 15. Kwa nyuzi 31 ni asilimia 11, yaani turbini mbili za 100 zinatoa 178. Kupoza hewa ya kuingia kwa kuinyunyizia maji kunasaidia sana Dodoma, ambako hewa kavu ya nyuzi 31 inaweza kushuka kwa nyuzi 9. Mtwara unyevu ukiwa asilimia 75 unapata nyuzi 3 tu, asilimia 2 ya nguvu. Atakayeuza mfumo huo pwani aulizwe hesabu ya unyevu kwanza.

Chumvi ni mbaya kuliko joto. Kukiwa kukavu, chumvi inanaswa na vichujio vya hewa. Usiku unyevu ukipanda, ile chumvi inayeyuka, inapenya kwenye kichujio kama maji na kukauka upya kwenye mapanga ya kibana hewa. Mapanga yanakuwa na ukoko mweupe, hewa inapungua, nguvu inapungua. Vichujio viwe vya daraja linalozuia maji kupenya, mtambo uwe mbali na mawimbi, na kibana hewa kioshwe mtambo ukiwa umezimwa na kupoa, mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Watu wa laini nao wanajua: mwisho wa kiangazi, alfajiri yenye umande, vikombe (vihami vinavyoshika nyaya) vya laini ya kilovolti 132 vinaanza kuungurumia na kupiga cheche. Kwa pwani yetu urefu wa njia juu ya kikombe uwe milimita 31 kwa kila kilovolti, au vipakwe silikoni, na vioshwe kabla ya mvua za kwanza, si baada ya hitilafu.

---

Laini Ndefu amejibu:

Na swali la giza. Kombaindi ikiwa inatoa 300 na gridi ikapotea ghafla, inabaki na mzigo wa Mtwara na Lindi peke yake. Shafti zinapanda kasi, ulinzi unazizima. Usitarajie mtambo huo utulinde siku hiyo bila mpango maalumu.

Mpango wenyewe ni huu. Rilei pale Mahumbika ihisi masafa au volteji imevunjika, ifungue breka ya laini ya gridi ndani ya sehemu ya sekunde, na injini 9 za zamani zichukue fida chache kwanza, kisha zibebe zinachoweza cha mikoa miwili. Kwa hiyo, Msangamkuu, jibu langu ni kwamba injini zisiondolewe siku mtambo mkubwa utakapowashwa. Tatu ziwe zinakimbia wakati wote kwa mzigo mdogo, nyingine tayari.

Hizo injini ndizo pia ufunguo wa kuamsha mtambo mkubwa. Turbini ya gesi haijiwashi. Inataka mota ya kuizungusha na pampu za mafuta, feni na pampu za maji ya kondensa, jumla megawati kadhaa kwa mtambo wa ukubwa huo. Injini mbili au tatu zinatosha. Utaratibu: injini moja iwake kwa hewa iliyobanwa na betri, nyingine zifuate, zipeleke umeme kwenye basi ya kituo (vyuma vinavyogawa umeme kituoni), uwashe turbini ya kwanza ya gesi huku kilango cha moshi kikiwa kimeelekezwa kwenye dohani ya pembeni ili boila lisiingie kwenye hesabu, uipe mji kidogo kidogo, fida moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na mzigo mdogo kuliko ambao injini inaweza kuumeza kwa mpigo. Kuipa uhai laini tupu ya kilomita mamia ni hatua ya baadaye, na volteji ya jenereta ishushwe kwanza, la sivyo mwisho wa laini utapanda kama nilivyosema.

---

Fundi wa Mvuke:

Naunga mkono, na naongeza betri. Mtambo unapozimika ghafla, shafti ya tani nyingi inaendelea kuzunguka dakika nyingi bila umeme. Kinachozuia beringi zisiyeyuke ni pampu ya mafuta inayoendeshwa na betri. Baada ya kusimama, shafti lazima izungushwe polepole kwa saa nyingi, la sivyo upande wa juu unabaki moto, inajipinda, na haitawashwa kesho. Betri zipimwe kwa mzigo halisi, si kwa kuangalia volteji zikiwa zimepumzika: seli iliyokufa inaonyesha volti 2 kama ilivyo nzima mpaka uiombe ampea. Pampu ya betri ijaribiwe kila wiki kwa kushusha shinikizo la mafuta kwenye laini ya majaribio na kuona inajiwasha yenyewe, sekunde ngapi, na shinikizo linasimama wapi. Namba hizo ziandikwe ukutani pale pale kwenye pampu, na siku ikichelewa kwa sekunde moja kuliko wiki iliyopita, mtambo usiwashwe hadi sababu ijulikane.